Mume wa Viatu (7): Kifo cha Dereva

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Pasi mlangoni kwake, mikono imejaa povu la sabuni hadi viwiko, na mbele yake Karani wa Nyumba ameinua buti kubwa jeusi kwa vidole viwili, anauliza: "Mama, mwenye kiatu hiki yuko wapi?"

Wasomaji kadhaa mmeniandikia mkitaka akimbie. Akimbilie wapi, jamani? Ndani kuna mama yake mzazi asiyeshuka kitandani bila kushikwa mkono. Shuleni kuna mabinti wawili. Uani kuna mabeseni matatu ya nguo za watu. Mwenye mzigo huo hakimbii, anajibu.

"Hayupo," alijibu.

"Hilo naliona. Nauliza yuko wapi."

"Hayuko popote, Bwana Karani. Hajawahi kuwapo. Mimi sina mume. Hivyo viatu niliviweka mwenyewe."

Karani alikuwa kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na subira ya mtu anayelipwa kwa mwezi. Alilirudisha buti chini, akalipanga sawasawa na mwenzake, kisha akafungua daftari.

"Mama, hapa nina maandishi. Mjumbe wa safu hii ameandika kwamba mumeo ni dereva wa malori ya masafa, mtu mpole, na kwamba wamekunywa kahawa pamoja mara nyingi. Fundi Cherehani, jirani yako, anasema humsikia akikohoa alfajiri. Muuza Mkaa anasema mumeo aliwahi kumsaidia kusukuma mkokoteni." Akafunga daftari. "Mumeo ana mashahidi wengi kunishinda mimi. Mimi nikipotea leo, hakuna atakayeandika kwamba aliwahi kunisikia nikikohoa."

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, kisa chenyewe ni hiki. Miaka sita iliyopita Mama Pasi alihamia kwenye safu hii ya vyumba vya mabati akiwa na mama yake na mabinti wawili wadogo. Baba wa watoto alikuwa ameshaoa kwingine. Mama Pasi akafungua udobi, anafua na kupiga pasi, na wiki ya kwanza tu akajua kwamba mwanamke asiye na mume hapa ni kama mlango usio na komeo. Walevi walibisha hodi. Bombani ndoo yake ilisukumwa nyuma. Mwenye vyumba alizungumza naye huku akitazama pembeni.

Ndipo akanunua mabuti ya mtumba, makubwa kuliko yote yaliyokuwapo sokoni, akayaweka mlangoni. Kwenye kamba akaanika shati la bluu la mteja mmoja aliyeleta nguo na asirudi tena. Walipomuuliza, alisema mume wake ni dereva wa masafa, huondoka kabla hakujakucha na hurudi watu wakiwa wamelala.

Adabu ikaja yenyewe. Tangu siku hiyo Dereva alifanya kazi ya ulinzi bila kula, bila kulewa na bila kuinua mkono. Niambieni ni wangapi humu mnaosoma mna mume wa hivyo.

Sasa safu inavunjwa. Ng'ambo ya barabara limesimama jengo jipya, lina maji ndani na milango ya mbao yenye vitasa. Wenye jengo, ambao ndio waliomtuma Karani, wametangaza kwamba vyumba vya kwanza ni vya wanawake wanaobeba kaya peke yao. Mwanamke huyo anatia sahihi mwenyewe na kupewa ufunguo papo hapo. Penye mume, mume ndiye mkuu wa kaya, na lazima aje yeye, kwa miguu yake. Mwisho ni leo saa nane mchana. Kesho tingatinga linaingia.

Kwa hiyo mwanamke aliyehangaika miaka sita kumtengeneza mwanamume, leo anahangaika kumbomoa, na mwanamume mwenyewe hataki kubomoka.

"Ziko njia mbili," alisema Karani, akiondoka. "Mjumbe aniandikie kwamba hujawahi kuishi na mume hapa. Au aniandikie kwamba mumeo amefariki. Nje ya hapo, mwambie aje."

* * *

Mjumbe wa safu alikuwa barazani kwake, muhuri wake umefungwa kwenye leso ndani ya mfuko wa shati, upande wa moyo.

"Mjumbe, naomba uniandikie kwamba sina mume."

"Haiwezekani, Mama Pasi. Mimi na shemeji tumekunywa kahawa."

"Hamjanywa!"

"Tumekunywa. Nimeandika na nimepiga muhuri."

"Mjumbe, yule mtu nimemtunga mimi, kwa kichwa changu. Wewe ulikunywa kahawa na nani?"

Mjumbe alitazama kulia, akatazama kushoto, akasogeza kigoda karibu.

"Sikiliza, dada yangu. Ulipohamia watu waliniuliza, Mjumbe, umemjua yule dereva? Sasa mjumbe gani asiyewajua watu wake? Nikasema namjua. Wakauliza ni mtu wa namna gani, nikasema mpole. Ndiyo hivyo, miaka sita namjua. Mwezi uliopita tu nimesimama kwenye mkutano nikamtaja kama mfano wa mume asiyegombana na mtu. Leo niinuke niseme hayupo? Nitaonekana mwongo."

"Lakini ni mwongo!"

"Tunajua mimi na wewe. Hiyo siyo kuonekana."

Mama Pasi aliondoka bila kuaga. Saa ilikuwa inaelekea tano.

Bombani alimkuta Fundi Cherehani akijaza ndoo. Hakusalimia, alimvamia moja kwa moja.

"Shoga, ulimsikia Dereva akikohoa lini?"

"Kila alfajiri."

"Anakohoaje?"

Fundi Cherehani akafunga bomba. Alikuwa mwanamke mnene, hodari wa kushona sare za shule, na hakuwa na desturi ya kukosa jibu. Safari hii alipangusa mikono kwa kanga kwanza.

"Haya," akasema taratibu. "Sikumsikia. Nilisema hivyo ili na wewe siku moja ukiulizwa, useme unamsikia wangu akikoroma."

"Wako? Mlinzi?"

"Mlinzi gani, mwenzangu. Ni kofia na rungu tu. Nilivinunua pale pale uliponunua mabuti, nilikuona. Nikasema kumbe inawezekana."

Muuza Mkaa, aliyekuwa akingoja zamu nyuma yao uso wake umekuwa mweusi kwa vumbi la kazi, akaanza kucheka hadi akakaa juu ya ndoo. Mume wa kwake alikuwa fundi wa kuchimba visima, na ushahidi wake wote ulikuwa koti la mvua. Wakahesabu kwa vidole mlango kwa mlango. Vyumba kumi na kimoja, waume wanne wa kweli, saba wa vitu.

"Safu nzima tumeolewa na viatu!" alisema Muuza Mkaa.

Walicheka wote watatu. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu kila mmoja alikumbuka kwamba na yeye ameandikwa ana mume, na saa nane ni ile ile.

"Basi tuseme ukweli wote pamoja," alisema Mama Pasi.

"Wewe si umeshausema asubuhi?" aliuliza Fundi Cherehani.

"Nimeusema."

"Ikawaje?"

"Hakuniamini."

Dirisha la chumba cha Mama Pasi linatazama bombani, na ndani ya dirisha hilo kuna kitanda cha Bibi, mama yake, ambaye miguu imemkataa lakini masikio bado yanafanya kazi za watu watatu.

"Muueni!" ilisikika sauti ya Bibi.

"Nani, mama?"

"Mkwe wangu. Miaka sita nipo humu ndani, hajanisalimia hata siku moja. Afe."

"Na wetu je, Bibi?" aliuliza Fundi Cherehani.

"Nao wafe."

"Waume saba asubuhi moja? Watasema ni kipindupindu, watatufungia safu nzima."

"Basi aanze wa binti yangu," alisema Bibi. "Mkiona amekufa vizuri, wengine wamfuate mmoja mmoja."

* * *

Msomaji, ungemwona Mjumbe alivyolipokea wazo hilo ungedhani amepandishwa cheo. Mtu uliyekunywa naye kahawa hawezi kutokuwapo, lakini kufa anaweza, tena inapendeza. Kabla Mama Pasi hajamaliza kueleza, Mjumbe alikuwa ameshapindua lori kwenye mteremko, mbali sana, ameshamzika Dereva huko huko kwa sababu ya ubovu wa barabara, na ameshaipokea habari kwa njia ya simu.

Saa sita mchana mikeka ilikuwa imetandikwa mbele ya mlango. Ndani, kwenye kiti pekee cha nyumba hiyo, waliweka shati la bluu lililokunjwa na chini yake mabuti. Mama Pasi alilipiga pasi shati mara ya mwisho kabla ya kulikunja. Ndani ya kola vidole vyake vilipita juu ya nukta ya uzi wa kijani. Hiyo ni desturi ya kazi yake. Kila mteja ana rangi yake ya uzi, nguo zisichanganyike, na chochote kinachopatikana mfukoni hufungwa fundo ndani ya kitambaa kwa uzi wa rangi ile ile na kutiwa kwenye kopo chini ya kitanda. Dobi hafungui fundo la mteja. Mama Pasi hajawahi kufungua hata moja.

Watu wakaja. Wale waume wanne wa kweli walikaa upande mmoja, wakasifu. Mmoja alisema Dereva aliwahi kumpa lifti. Mwingine akasema lifti hiyo naye alikuwamo.

"Alikuwa hapendi makuu," alisema Mjumbe, akipangusa macho. "Kahawa yake bila sukari."

"Mimi nilidhani na sukari," alisema wa lifti.

"Zamani. Baadaye aliacha."

Kisha akaja Mlevi wa njia panda, mmoja wa wale walevi waliobisha hodi wiki ile ya kwanza. Alikuwa amenawa uso. Alisimama mbele ya mlango akiyatazama mabuti.

"Huyu bwana hatukuwahi kuonana," alisema, na labda ndiye pekee aliyesema kweli siku hiyo. "Lakini kila nikipita hapa nikiona viatu vyake nilikuwa nashusha sauti. Nilikuwa nasema, mwenye nyumba amelala, ametoka safari. Sasa nani atanishusha sauti?"

Akalia. Na hapo, ndugu msomaji, Mama Pasi aliyekuwa amejifunika kanga usoni ili asionekane macho makavu, akashtuka kuona kanga imelowa.

Alilia kwa kweli. Alikumbuka usiku alipokuwa akilala kwa amani kwa sababu ya ngozi ile mbovu mlangoni. Alikumbuka binti mdogo alivyokuwa akiyapangusa mabuti vumbi kila Jumamosi na kusema, "Shikamoo, baba." Aliona kwamba katika miaka sita yote hiyo hakuna mtu mzima mwingine aliyempunguzia mzigo hata siku moja, na huyu mmoja aliyempunguzia ndiye anamzika kwa mikono yake. Alimwonea huruma Dereva, kisha akajionea huruma mwenyewe.

"Punguza, shoga," Fundi Cherehani alimnong'oneza sikioni. "Utaharibu. Sisi wengine tutalia vipi baada ya hapo?"

* * *

Saa saba na nusu Karani alifika. Alipoona mikeka alivua kofia.

"Asubuhi ulisema hajawahi kuwapo," alimwambia Mama Pasi, kwa sauti ya chini.

"Uchungu, mwanangu," aliingilia Fundi Cherehani. "Mtu akifiwa husema mengi. Wengine hukataa kabisa."

Karani akainamisha kichwa. Kumbe hakuwa mbaya. Alikuwa tu mtu anayeamini kilichoandikwa, na sasa aliona aibu kwamba alimbana mjane.

"Pole, mama. Sikujua."

Waliingia ndani, yeye, Mama Pasi, Mjumbe, Fundi Cherehani na Muuza Mkaa. Bibi alikuwa kitandani nyuma ya pazia. Wengine walibanana mlangoni. Karani alikataa kukaa, akaweka daftari juu ya meza ya pasi na kuandika kwa mwandiko mzuri: *mjane*. Mjumbe akapiga muhuri. Mashahidi wawili wakatia sahihi bila kutazamana. Kisha Karani akatoa mfukoni ufunguo mpya, una kibati chenye namba, akaushika huku akisogeza kalamu kwa mkono wa pili.

"Tia sahihi hapa, mama. Juu ya neno mkuu wa kaya."

Mama Pasi aliipokea kalamu. Miaka thelathini na minane duniani, hakuna karatasi iliyowahi kumwita mkuu wa chochote.

"Hodi humu."

Watu wa mlangoni waligeuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, amenyoa vizuri, ana mfuko wa safari begani. Hakutazama mikeka wala waombolezaji. Alitazama moja kwa moja kwenye kiti.

"Nimesikia safu hii inavunjwa kesho," alisema. "Nimefuata shati langu. Lile pale, la bluu."

Nani angekuwa wa kwanza kupiga kelele kama si Mlevi?

"Dereva! Dereva amefufuka!"

Mikeka ilipinduliwa. Wawili kati ya wale waume wa kweli waliruka ua, na aliyepewa lifti ndiye aliyetangulia. Mama Pasi alisimama pale pale na kalamu yake mkononi.

Karani peke yake ndiye aliyebaki na akili za kazi. Alimgeukia Mjumbe.

"Mjumbe. Wewe umekunywa kahawa na Dereva miaka sita. Huyu ndiye?"

Msomaji, jiweke mahali pa Mjumbe. Akisema siye, ataulizwa shati la marehemu limekuwaje la mtu mwingine, na kahawa yote itamwagika. Akisema ndiye, amemzika mtu aliye hai leo hii kwa simu. Jasho lilimtoka hadi kwenye leso ya muhuri. Alimtazama mgeni juu hadi chini.

"Ndiye," alisema kwa sauti ndogo. "Amekonda kidogo."

Fundi Cherehani alishika mdomo. Alikuwa akiwaza kofia na rungu vilivyoning'inia kwake, na kama wa Mama Pasi ameweza kurudi, wa kwake yuko njia gani.

Karani alipumua. Kwa kweli alifurahi, maana sasa dunia ilikuwa imerudi kufanana na daftari. Alilikata neno *mjane* kwa mstari ulionyooka, akamgeukia mgeni.

"Bwana, wewe ndiye mume wa huyu mama? Mkuu wa kaya hii?"

Mgeni alikwenda kwenye kiti, akalichukua shati, na kabla ya kulikunjua alitia vidole viwili ndani ya mfuko wa kifuani. Vidole vikatoka vitupu. Uso wake ulibadilika kidogo. Kisha akaliona daftari. Kisha akauona ufunguo na kibati chake. Alikuwa mtu wa kuelewa upesi.

"Ndiyo, mimi ndiye," alisema. "Nitie sahihi wapi?"

"Mwongo!" alipiga kelele Mama Pasi. "Huyu ni mteja! Aliniletea shati nifue, basi!"

Karani alimtazama kwa huzuni.

"Mama. Asubuhi uliniambia hayupo. Mchana ukaniambia amekufa. Sasa amesimama mbele yako unasema ni mteja. Mimi niandike lipi? Safari hii nitaandika analosema yeye."

Na akaichukua kalamu mkononi mwa Mama Pasi, akampa mgeni.

Zilibaki dakika kumi kufika saa nane. Nje mabinti walikuwa wanarudi shuleni, sauti zao zilisikika kwenye kona. Mama Pasi aliona kila kitu kwa wakati mmoja. Watamkuta mwanamume asiyemjua ana ufunguo wa nyumba yao, sahihi ikiwa yake, na kesho chumba hiki hakipo. Alimtunga mume ili asionewe, na mume huyo amepata mwili ili amwonee.

Kilichomzuia asikate tamaa ni vidole viwili.

Dobi humjua mtu kwa mifuko yake. Miaka yote hiyo ameona watu wakija kuchukua nguo: mwenye haraka huangalia vifungo, mwenye ubahili huangalia kola. Aliyetia vidole mfukoni kabla ya kulikunjua shati hakufuata shati.

Aliinama, akavuta kopo kutoka chini ya kitanda, akapekua. Fundo lilikuwa chini kabisa, kitambaa kidogo kilichofubaa, kimefungwa kwa uzi wa kijani.

Kalamu ya mgeni ilikuwa imeshagusa karatasi. Ikasimama.

"Mume wangu," alisema Mama Pasi, na sauti yake sasa ilikuwa tamu ajabu. "Uliposafiri uliacha hiki mfukoni. Nimekutunzia. Nikifungue hapa hapa mbele ya Bwana Karani? Si mke na mume hawafichani?"

"Nipe," alisema mgeni.

"Nakifungua."

"Usifungue!" Alipiga hatua moja, akakuta Muuza Mkaa amesimama katikati, na Muuza Mkaa hubeba magunia kwa kazi. "Mama, nakuomba. Hicho ni changu."

"Wewe ni nani?"

"Mteja," alisema mgeni.

"Hawajasikia."

"Mteja! Mimi ni mteja! Nilileta shati kwa dobi, sikumjua kabla ya hapo wala baadaye. Haya, nipe!"

Mjumbe alikaa chini sakafuni, taratibu, bila kuambiwa. Karani alitazama daftari, akamtazama mgeni, akamtazama Mjumbe.

"Sasa," alisema, "aliyekufa ni nani?"

Mama Pasi aliifuata kalamu mkononi mwa mgeni, akaichomoa kama anayetoa sindano kwenye nguo ya mteja, akasimama mbele ya meza yake ya pasi.

"Aliyekufa ni mume wangu," alisema. "Huyu ni mteja. Na mkuu wa kaya hii, Bwana Karani, tangu siku ya kwanza ni mimi. Nikuandikie wapi, juu ya mstari au chini?"

Mkono wa Karani wenye ufunguo ulianza kunyooka, polepole, kuelekea kwa Mama Pasi.

"Binti yangu," ilisema sauti ya Bibi nyuma ya pazia. "Fundo hilo mpe tu mwenyewe aende nalo. Ndani mna kipande cha gazeti."

Mama Pasi aligeuka. "Mama?"

"Wewe ndiye dobi, mimi siye. Nililifungua mwaka ule ule ulipolifunga, nikaitoa karatasi iliyokuwamo, nikatia gazeti. Iko ndani ya mto wangu, naona hata jina linasomeka vizuri bado."

Mgeni aliruka kuelekea pazia, Muuza Mkaa akamdaka kiunoni. Bibi hakuinua sauti. Walisikia tu mkono wake ukipekua pamba ya mto, bila haraka.

"Karani anaweza kuisoma," alisema. "Mimi sina shida. Lakini kijana huyo asiisome akiwa amesimama. Mpeni kiti kwanza."

Karani, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajaketi katika chumba chochote cha safu ile, aliyasogeza mabuti pembeni kwa mguu, akaketi kwenye kiti cha marehemu. Ufunguo bado ulikuwa mkononi mwake.